Simu Yangu Imejifunga na Nambari ya Mtu Imetokea Kwenye Kioo

Kwako Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Kisauni, Mombasa, na riziki yangu hutoka jikoni. Asubuhi hukaanga mahamri na viazi vya karai, na mwisho wa wiki hupika keki za kuagizwa. Wateja wa keki karibu wote huagiza kwa WhatsApp baada ya kuona picha, na simu niliyokuwa nayo ilikuwa na kamera yenye ukungu, hata keki ya shilingi 3,500 ilionekana kama mkate uliolowa maji. Zamu yangu ya mchezo wa akina mama ilipofika mwezi uliopita, niliamua kutafuta simu iliyotumika yenye kamera nzuri.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliniambia ana rafiki anayeuza simu kwenye kibanda karibu na Mwembe Tayari. Tulikwenda pamoja, baina ya Magharibi na Isha. Kijana huyo alinionyesha iPhone XR nyeusi, safi kabisa, lakini haikuwa na boksi wala risiti. Alieleza kwamba imeletwa na mtu kutoka Uingereza na kwamba simu za aina hiyo haziji na boksi. Alitaka 24,000, tukapatana kwa 21,000. Nililipa 15,000 kwa M-Pesa na 6,000 mkononi. Jina lililotokea kwenye ujumbe wa M-Pesa halikuwa lile alilonitajia, naye akasema ile ni laini ya kaka yake. Shemeji alipewa 1,000 ya udalali mbele yangu, nami sikuona ubaya, kwa sababu ndivyo biashara ilivyo.

Simu ilikuwa tayari imewashwa na kila kitu kimewekwa. Kijana alinisisitizia nisiifute wala nisiguse akaunti iliyomo, kwa madai kwamba ni akaunti ya duka na ndiyo inayoifanya simu iende vizuri. Kila nilipojaribu kuongeza programu mpya, niliombwa nywila ya barua pepe nisiyoijua. Nilimpigia, akasema atanitumia, na hakutuma. Kwa kuwa WhatsApp ilikuwemo na kamera ilifanya kazi, nililiacha hilo. Sikuweka hata nambari ya siri, maana watoto huichukua simu kucheza.

Siku ya kumi na nane, niliposhika simu kumjibu mteja, nilikuta imejifunga. Kwenye kioo palikuwa na maneno kwamba simu hii imepotea na atakayeiona ampigie mwenyewe, na chini yake nambari ya simu ya hapa hapa Kenya. Mshauri, miguu iliniisha nguvu, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi kama mtu aliyefiwa.

Kijana wa Mwembe Tayari kwanza alisema ni mimi niliyebonyeza kitu. Siku ya pili akasema nimpelekee aitazame. Siku ya tatu hakushika simu tena. Fundi mmoja wa mtaani kwetu anataka 3,000 aiflashi na kuibadilisha IMEI, ile nambari ya utambulisho wa simu, na anaapa kwamba hakuna atakayeijua tena. Jirani yangu ananiambia niipeleke sokoni Kongowea nikamwuzie mtu asiyejua, kwani nami niliuziwa hivyo hivyo. Najua si jambo zuri, lakini sikufichi, usiku nimelifikiria.

Nilipomwambia mama mkwe, alisema mambo ya nyumbani hayatoki nje na kwamba polisi wakiingia, wa kwanza kuchukuliwa ni mwanawe. Mume wangu hajui lolote. Anaamini simu ilinunuliwa kwa 14,000, kwa sababu nilimficha bei. Nimebakiwa na shilingi 8,000 na oda tatu za keki.

Je, niipige ile nambari? Niende polisi na kumtia shemeji matatani? Nimwachie fundi? Na nikijaliwa kununua tena, nitaitambuaje simu ya wizi kabla sijatoa pesa?

Mama wa Wawili, Kisauni

MSHAURI ANAJIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu. Pole sana. Pesa za mchezo ni jasho la miezi mingi, na kuzipoteza kwa siku kumi na nane kunauma kuliko kuibiwa njiani, kwa sababu uliyetoa pesa hizo ni wewe mwenyewe, kwa hiari yako, huku shemeji yako amesimama pembeni. Umeniandikia kila kitu, hata yale ambayo wengi wangeyaficha, na jambo hilo linanirahisishia kukujibu.

Nikikusoma vizuri, una matatizo mawili yaliyofungwa katika kitambaa kimoja. Moja ni la simu: ni ya nani, na wewe unayeishika una nafasi gani. La pili ni la nyumba: shemeji, mama mkwe na bei uliyomficha mumeo. Unayafikiria kwa pamoja, na ndiyo sababu kila mlango unauona umefungwa. Nitaanza na simu, kwa sababu ukiielewa huenda na la nyumbani likapungua ukubwa.

Mambo matatu uliyoyapita haraka katika barua yako ndiyo yaliyobeba habari yote. Akaunti iliyomo haikuwa yako, ulikatazwa kuifuta simu, na nywila ya ile barua pepe hukupewa. Tangu mwaka 2013 simu za iPhone zina kufuli inayoambatana na akaunti ya mwenyewe, na simu za Android zilipata kinga ya namna hiyo kuanzia toleo la 5.1 la mwaka 2015. Kufuli hii haikai ndani ya simu peke yake. Kumbukumbu yake iko kwa kampuni, kwenye intaneti, na inasema simu yenye nambari fulani ni ya akaunti fulani. Mtu anaweza kuifuta simu mara kumi, lakini ikiwashwa upya na kuunganishwa na intaneti, itamwuliza nywila ya akaunti ile ile. Ndiyo maana kijana hakutaka uifute, kwani ungeifuta pale pale kibandani kufuli ingejitokeza kabla hujatoa hata shilingi. Wewe ulikuwa umeshika chombo, lakini aliyekuwa na akaunti ndiye aliyekuwa na simu. Na kwa kuwa hukuweka nambari ya siri, mtu huyo aliweza kuweka yake akiwa mbali na kukufungia nje.

Hapa naomba tutulie kidogo, kwa sababu wewe umekwisha kuamua kwamba simu ni ya wizi. Huenda ni kweli, na dalili zinaelekea huko. Hata hivyo, ujumbe uliouona unaweza kuandikwa na watu wa aina mbalimbali. Anaweza kuwa mtu aliyeporwa kwenye matatu au aliyeidondosha. Anaweza kuwa mtu aliyeiweka simu rehani kwa mkopo mdogo, akakuta imeuzwa. Anaweza kuwa mtu aliyemwuzia kijana yule kwa malipo ya kidogo kidogo, akabaki na akaunti kama dhamana, na alipoona hamaliziwi akaifunga. Na anaweza pia, dada yangu, kuwa mshirika wa muuzaji mwenyewe. Upo ulaghai wa kuuza simu ikiwa na akaunti ya muuzaji, kuiacha itumike kwa muda, kisha kuifunga na kumwitisha mnunuzi pesa ili ifunguliwe. Jambo la siku kumi na nane linanifanya nisiliondoe wazo hili, kwa kuwa mtu aliyeibiwa aghalabu hufunga simu yake siku ile ile, ingawa wapo wanaochelewa kwa kutojua namna ya kuifunga.

Ndiyo maana swali lako la kupiga au kutopiga linastahili kutafakariwa. Kumpigia ndiyo njia fupi ya kujua ukweli, na kama ni mwenye mali wa haki, atakusikia kwa sikio tofauti ukimtafuta wewe kuliko akikukuta na simu yake mkononi. Hatari ni kwamba humjui, naye anaweza kukutisha au kukudai pesa. Ukichagua njia hii, usipige ukiwa peke yako, wala usipige usiku. Usiahidi kutuma chochote, na usikubali miadi ya mahali pasipo na watu. Mkutano ukilazimika, ukumbi wa kituo cha polisi au ofisi ya chifu unafaa kuliko hoteli.

Kabla ya kupiga, lichomoe laini lako na ukitazame kile kisahani kidogo kinachoibeba. Kwenye iPhone XR nambari ya IMEI imechorwa hapo, kwa maandishi madogo sana, tarakimu 15. Iandike kwenye karatasi, lakini usimsomee mtu. Mwambie yeye akusomee ile iliyo kwenye boksi au risiti yake. Zikilingana, una sababu nzuri ya kumwamini. Zisipolingana, usikimbilie kumwita mwongo, kwa kuwa mafundi wakati mwingine hubadilisha visahani hivyo, lakini una haki ya kumwomba ushahidi mwingine kabla ya kumpa chochote.

Kuna jambo hukuliuliza, nami sitaki kulipita. Kwa siku zile zote ulipiga picha za keki na bila shaka za watoto, na ukahifadhi nambari za wateja, ndani ya simu yenye akaunti ya mtu mwingine. Simu za namna hii mara nyingi hutuma nakala za picha na majina kwenye akaunti iliyomo, na mwenye akaunti huweza kuona kwenye ramani mahali simu ilipo. Sisemi haya kukutia hofu. Nasema ili ujue kwamba huenda mtu huyo anapajua Kisauni kuliko unavyodhani, na kwamba kunyamaza hakukufichi sana. Badilisha nywila ya barua pepe yako ikiwa uliifungua kwenye simu hiyo. M-Pesa na WhatsApp zimefungamana na laini yako, kwa hivyo ukiitia laini kwenye simu nyingine utarudi kwa wateja wako, ingawa mazungumzo ya zamani yanaweza kupotea. Oda tatu hizo zishughulikie leo, hata kwa simu ya kuazima.

Sasa polisi. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamhusu mtu anayepokea au kubaki na mali ya wizi kwa nia isiyo njema, akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 14. Tazama maneno hayo, "sababu ya kuamini". Siku uliponunua ungeweza kusema hukuwa nayo, japo mtu angekuuliza kuhusu boksi na jina la M-Pesa. Tangu maneno yale yatokee kwenye kioo, utetezi huo unapungua kila siku inayopita huku simu ikiwa kabatini. Mimi si wakili, na kesi huwa na mengi, lakini naamini kilicho muhimu kwako sasa ni kuwa na maandishi yanayoonyesha kwamba ulijitokeza mwenyewe. Kuandikisha taarifa kituoni na kupewa nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kunakupa maandishi hayo. Gharama yake nayo ni ya kweli: simu inaweza kuzuiwa kama kielelezo kwa miezi, utaulizwa maswali yasiyopendeza, na jina la aliyekupeleka kibandani litatajwa. Ukiogopa kuingia peke yako, shirika liitwalo Kituo cha Sheria lina ofisi hapa Mombasa na huwasaidia watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Unaweza kuanzia huko ukaongozwa.

Kuhusu fundi sina mengi. Kuflashi hakuondoi kufuli iliyo kwa kampuni, na zile njia za mkato zinazouzwa mitaani mara nyingi huacha simu isiyopiga wala kupokea, au inayojifunga tena siku ya kusasishwa. Kubadilisha IMEI ni kosa chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano, na kosa hilo lingekuwa lako na lake. Utakuwa umelipa 3,000 ili kutoka katika nafasi ya mnunuzi aliyedanganywa na kuingia katika nafasi nyingine kabisa.

Na Kongowea? Umeniambia kwa haya, nami sikulaumu kwa wazo la saa nane za usiku. Nakuomba tu umtazame usoni yule atakayeinunua. Kwa bei hiyo na mahali hapo, kuna uwezekano mkubwa awe mama mwenye zamu yake ya mchezo mkononi.

Kurudi kwa muuzaji ni haki yako pia. Sheria ya uuzaji wa bidhaa inachukulia kwamba anayekuuzia ana haki ya kuuza, na asiyemiliki kitu hawezi kukupa umiliki wake. Hivyo deni la 21,000 liko kwake hata kama simu itarudi kwa mwenyewe. Alipokwambia umpelekee simu aitazame, nashukuru hukwenda. Ukimwachia bila kurudishiwa pesa na bila maandishi, utapoteza pesa, simu na ushahidi kwa mkupuo mmoja. Ule ujumbe wa M-Pesa wa 15,000 usiufute. Jina lisilolingana, lililokutia shaka siku ile, leo linakusaidia, kwa sababu ni jina la mtu aliyesajili laini kwa kitambulisho chake. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, haikulazimu kuwa na wakili, na sheria imeipa siku 60 za kumaliza shauri. Ile 6,000 ya mkononi ni ngumu zaidi kuithibitisha, na shahidi wake wa pekee ni shemeji yako.

Basi tumefika kwa shemeji. Katika barua yako yeye ametajwa kama mtu wa kulindwa au wa kushtakiwa, na sikuona mahali ulipomwuliza alijua nini. Kuchukua 1,000 ya udalali hakuonyeshi kwamba aliijua asili ya simu. Vijana wengi mjini hupeleka wateja kwa marafiki na kupokea chochote. Inawezekana naye alitumiwa. Inawezekana vilevile kwamba alijua, na katika hali hiyo kimya cha mama mkwe hakimlindi, kwa sababu kijana wa kibandani akikamatwa siku moja kwa jambo jingine yeye mwenyewe atayataja majina ya wenzake. Mama mkwe anazungumza kwa uchungu wa mzazi, na sikushauri umkabili kwa hasira. Pengine angesikia tofauti akielezwa kwamba shemeji anayekwenda na wewe kwa hiari yake, akiwa shahidi wa malipo, anasimama mahali pazuri kuliko shemeji anayetafutwa.

Lakini huwezi kumketisha mtu yeyote katika familia hiyo kabla hujamketisha mumeo, kwa kuwa ni ndugu yake. Na hapo ndipo bei uliyomficha inakuuma. Nahisi, na unirekebishe nikikosea, kwamba unaiogopa tofauti ile ya 7,000 kuliko unavyowaogopa polisi. Pesa zilikuwa zako, za mchezo wako, na sijui ndani ya nyumba yenu mnazungumzaje kuhusu pesa za mke. Wewe ndiye ujuaye kama kumwambia kutaleta ghadhabu ya siku mbili au jambo la hatari zaidi. Ikiwa ni la hatari, anza na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote mbili. Ikiwa ni ghadhabu ya kawaida, fikiria kwamba siri hiyo inampa nguvu kila anayeijua, akiwemo shemeji.

Umeuliza utaitambuaje simu ya wizi kabla ya kutoa pesa. Jibu linatoka katika yale yale niliyokueleza kuhusu akaunti. Nenda mchana, na simu iwe na chaji. Mwombe muuzaji aondoe akaunti yake mbele yako kwa nywila yake, kisha aifute simu kupitia mipangilio yake ya kawaida. Ikiwaka upya, iunganishe na intaneti, hata kwa bando lako, na uifuate hatua kwa hatua mpaka uingize akaunti yako mwenyewe. Ikiomba akaunti ya mtu wa zamani, mrudishie na uondoke. Ikitokeza maandishi kwamba simu inasimamiwa na kampuni au shirika fulani, ondoka pia, kwa sababu hiyo ni simu ya kazini na msimamizi wake anaweza kuifunga wakati wowote. Kazi hii huchukua nusu saa hivi, na ni katika nusu saa hiyo utakapozisikia hadithi zote: intaneti leo iko chini, betri imeisha, mwenye nywila yuko Malindi, mimi nawahi feri ya Likoni. Mtu anayewahi feri kweli atarudi kesho.

Jihadhari hasa na simu za Android za bei ya chini zilizonunuliwa kwa mkopo wa kulipa kila siku. Zimejaa mjini, na nyingine huuzwa na wenyewe kabla deni halijaisha. Huyo si mwizi wa mfukoni, na huenda akakuonyesha hata boksi na kitambulisho chake, lakini malipo yakisimama aliyeikopesha huifunga, na programu ya kufunga hurudi hata baada ya simu kufutwa. Mwulize waziwazi kama ni ya mkopo, na kama ilikuwa hivyo akuonyeshe ujumbe wa kumaliza deni.

Bonyeza *#06# uione IMEI na uilinganishe na ile ya boksi. Simu ya laini mbili huwa na nambari mbili. Usitegemee hilo peke yake. Wasomaji wengi wanakumbuka simu bandia zilivyozimwa nchini mwishoni mwa Septemba 2012, na tangu hapo watu huchanganya simu halisi na simu halali. IMEI inaweza kuonyesha kwamba simu ni ya kiwandani kweli, na bado ikawa imeibwa jana Nyali. Na kama kweli imetoka ng'ambo, tia laini yako upige na upokee, kwa sababu nyingine zimefungiwa mtandao wa simu wa huko zilikotoka. Mwisho, lipia kwenye nambari yenye jina la mtu aliye mbele yako, na muandikiane karatasi yenye nambari ya kitambulisho chake, IMEI, bei na tarehe. Anayeuza mali yake hakatai karatasi, ingawa anaweza kuchukizwa kidogo.

Kwa 8,000 uliyo nayo, iPhone nyingine ya kibandani itakurudisha ulikotoka. Simu mpya ya kawaida, ya dukani, yenye risiti na dhamana, inapatikana kwa kiasi hicho, na kamera yake itakuridhisha kiasi tu. Keki ikipigwa picha kando ya dirisha, saa tatu za asubuhi, hata kamera hiyo hujitahidi. Unaweza pia kusubiri na kuazima simu ya dada yako siku za picha. Wewe ndiye ujuaye ni lipi linaloweza kungoja.

Lichomoe laini leo, uandike ile nambari ya kwenye kisahani na uuhifadhi ujumbe wa M-Pesa mahali pawili. Hayo hayakufungi na uamuzi wowote. Ukisha kuzungumza na mumeo, niandikie tena unieleze amelipokeaje, na kama mtaamua kupiga, kama nambari mliyosomewa imelingana na yenu.